Programu yangu iliposema "sare" badala ya "sijui"

Najua nimepotea kwa muda, na wachache wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa napambana na hitilafu moja kwenye programu yangu ya sataranji (chesi, kama tunavyoiita wengi hapa Kenya), na hitilafu hiyo ilinifikisha mpaka kwetu Nyaramba, kaunti ya Nyamira, kumwomba msamaha mtu anayenizidi umri kwa zaidi ya miaka arobaini. Leo nataka niwasimulie, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo, la mstari mmoja, na nina hakika baadhi yenu mnaoandika programu mnalo mahali fulani sasa hivi bila kujua.

Kama huchezi sataranji usiogope. Nitaeleza polepole.

Mjomba na nusu pointi yake

Mjomba wangu alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ndiye aliyenifundisha sataranji nikiwa mtoto, kwa ubao wa katoni na vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu. Jioni, baada ya majani chai kupelekwa kwenye kituo cha kununulia, tulikaa barazani tukacheza mpaka giza lituzuie kuona vifuniko. Mimi nilishindwa kila siku kwa miaka mitatu hivi.

Mjomba ana hadithi moja ambayo kila mtu katika boma letu anaijua kwa moyo. Miaka ya tisini alicheza katika mashindano ya walimu mjini Kisii. Mchezo wa mwisho yeye alibaki na mfalme na malkia, na mpinzani wake alibaki na mfalme na ngome. Malkia ana nguvu kuliko ngome, kwa hiyo kila aliyesimama pale alidhani mambo yameisha. Hayakuisha. Ngome ilijificha karibu na mfalme wake, mjomba akazunguka huku na kule, na hatimaye mpinzani akainua mkono: hatua hamsini za kila upande zimepita bila kete kuliwa wala askari kusogea. Kwa kanuni za sataranji hiyo ni sare. Mjomba akapata nusu pointi badala ya pointi nzima, na nusu ile iliyopotea ndiyo iliyomnyima nafasi ya kwenda hatua iliyofuata ya mashindano.

Tangu siku hiyo anasema, "Nilikuwa nimeshinda." Na watu wanamtania, "Mwalimu, sare ni sare." Lakini mchezo wote aliuandika kwenye daftari la mistari, na daftari hilo liko kabatini mpaka leo.

Sasa fikiria. Mpwa wake amesomea sayansi ya kompyuta, ameandika programu ya sataranji, anakuja nyumbani Desemba na kusema kwamba programu hiyo ina majedwali yanayojua jibu la kila mpangilio wenye kete tano au pungufu. Si kubahatisha, si kukadiria. Kujua. Wewe ungekuwa mjomba ungefanya nini?

Aliingia ndani akatoka na daftari.

Majedwali haya ni kitu gani?

Programu ya sataranji kwa kawaida hutazama mbele: nikienda hapa, akienda pale, nikienda tena hapa... Majedwali ya mwisho wa mchezo hufanya kinyume. Yanaanzia mwisho na kurudi nyuma.

Chukua mfano wa matatu. Unataka kujua kila kituo kiko umbali gani kutoka Kisii mjini. Badala ya kusimama kila kituo na kuuliza, unaanza Kisii. Vituo vyote ambavyo gari moja linakufikisha Kisii unaviandika "1". Kisha vituo vinavyofika kwenye kituo cha "1" kwa gari moja unaviandika "2". Unaendelea hivyo mpaka hakuna kituo kilichobaki. Kituo ambacho hakikupata namba hakina njia ya kufika Kisii.

Kwenye sataranji, Kisii ni chekimeti, yaani mfalme amefungwa hana pa kwenda. Kompyuta huorodhesha mipangilio yote ya chekimeti, kisha inarudi nyuma hatua moja moja. Mipangilio isiyofikiwa ni sare. Kwa kete nne tu kwenye ubao wa nyumba 64 kuna njia 64 mara 64 mara 64 mara 64 za kuzipanga, yaani zaidi ya milioni 16 kabla ya kuondoa zinazojirudia na zisizowezekana. Ni kazi kubwa kwa binadamu lakini kwa kompyuta ya leo ni kazi ya muda mfupi.

Ken Thompson, yule yule wa Unix, alikuwa ameshalikokotoa jedwali la malkia dhidi ya ngome mwishoni mwa miaka ya 1970. Nitarudi kwake. Baadaye yakaja majedwali ya Eugene Nalimov, ambayo kwa kete tano yalichukua GB 7 hivi. Mwaka 2013 Ronald de Man akatoa majedwali ya Syzygy, ambayo kwa kete tatu hadi tano ni karibu GB 1 tu. Ya kete sita ni kama GB 150. Ya kete saba, yaliyokamilika mwaka 2018, yanazidi TB 16. Mimi natumia ya kete tano, maana mfuko wangu naujua.

Syzygy ina faili za aina mbili. Za kwanza, zenye mwisho .rtbw, zinasema nani anashinda. Za pili, zenye mwisho .rtbz, zinasaidia kujua njia: zimebaki hatua ngapi kabla kete haijaliwa au askari hajasogea. Kila kundi la kete lina faili lake, na jina lake ni herufi za kete hizo. K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, P askari. Kwa hiyo mchezo wa mjomba uko ndani ya faili liitwalo KQvKR.rtbw.

Ukiliuliza faili la .rtbw linakupa namba moja kati ya tano. 2 ni ushindi. 1 ni ushindi ambao kanuni ya hatua hamsini inauharibu. 0 ni sare. Na -1 na -2 ni hivyo hivyo kwa upande wa kushindwa.

Shika hiyo sifuri. Ndiyo iliyonimaliza.

Desemba

Usiku wa kabla ya safari nilikuwa Nairobi nikinakili majedwali kutoka kompyuta yangu ya mezani kwenda kwenye flashi. Nilitaka kuyaweka kwenye laptopu ya zamani niliyokuwa nampelekea mjukuu wa mjomba, msichana wa gredi ya saba ambaye sasa ndiye anayecheza na babu yake kila jioni. Nilianza na faili za .rtbz, zikaisha. Nikaanza za .rtbw. Stima ikapotea.

Iliporudi saa za alfajiri nilichomeka flashi, nikafungua folda, nikaona faili nyingi, nikasema imeisha. Matatu ilikuwa inaondoka mapema. Unajua safari za Desemba zilivyo.

Nyaramba nikaweka kila kitu kwenye laptopu, nikafanya majaribio mawili. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme: "Ushindi". Mfalme, askofu na farasi dhidi ya mfalme (huu ni mgumu, unaweza kuhitaji hatua 33): "Ushindi". Safi kabisa. Nikamwita mjomba.

Alinisomea mpangilio kutoka kwenye daftari, kete moja moja, kama anayesoma hati ya shamba. Nikaupanga. Nikabonyeza kitufe.

"Sare."

Hakusema kitu kwa muda. Akaniuliza, "Hii mashine inaweza kukosea?" Na mimi, ndugu msomaji, nilimjibu kwa kujiamini kabisa: "Hapana mjomba. Hapa haikadirii. Hapa inajua."

Akafunga daftari. "Basi walikuwa wanasema kweli," akasema, akaenda kuangalia ng'ombe.

Nilijisikia vibaya kidogo lakini nikajiambia ukweli ni ukweli. Nikarudi Nairobi.

Simu kutoka Nyaramba

Mwezi wa pili yule binti akanipigia simu.

"Anko, hii programu yako haijui hata rook?"

"Kwa nini?"

"Nimeweka mfalme na rook dhidi ya mfalme peke yake. Inasema sare. Na ikicheza inapeleka rook mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hata mimi naweza kushinda hapo."

Anaweza kweli. Kila mtoto anayeanza sataranji hufundishwa ushindi wa mfalme na ngome. Nikafungua programu kwenye kompyuta yangu, nikapanga vile vile: "Ushindi". Kwangu inafanya kazi. (Sentensi hiyo inapaswa kupigwa marufuku katika kazi yetu.)

Kwa hiyo tukaanza kutafuta kwa simu, mimi Nairobi, yeye Nyaramba, bando la dakika likipungua.

Mshukiwa wa kwanza: njia ya folda. Ukiwa na folda mbili za majedwali, kwenye Windows unazitenganisha kwa nukta mkato (;) na kwenye Linux kwa nukta mbili (:). Ukichanganya, programu inaona jina moja refu la folda isiyokuwepo. Kosa hili huwapata watu wengi sana. Mimi natumia Linux, laptopu yake ina Windows, basi nikadhani nimelipata mara moja. Akanisomea mpangilio wa programu herufi kwa herufi. Uko sawa. Halafu nikakumbuka: kama njia ingekuwa mbovu, hata jaribio la malkia lingeshindwa, na malkia bado anajibu "Ushindi".

Mshukiwa wa pili: kubadilishana nafasi kwa mfalme na ngome. Majedwali haya hayana mipangilio ambayo mfalme bado ana ruhusa hiyo, kwa sababu mwishoni mwa mchezo ni nadra mno. Sasa ukipanga kete kwa mkono, ukaweka mfalme e1 na ngome h1, programu nyingi huacha ruhusa ile ikiwa wazi. Jedwali likiulizwa, halina jibu. Nikamuuliza, "Umeweka mfalme wapi?" Akasema e1. Aha! Nikamwambia amsogeze hadi d4. Akamsogeza.

"Bado inasema sare, anko."

Hapo nikaanza kutokwa na jasho. Nikamwambia afungue folda ya majedwali, anihesabie faili za .rtbw.

Majedwali ya kete tatu hadi tano yanapaswa kuwa 145. Unaweza kuthibitisha mwenyewe kwa kalamu: yanayoanza na KB ni 28, KN ni 18, KP ni 9, KQ ni 51, na KR ni 39.

"Mia moja na sita," akasema.

"La mwisho linaitwaje?"

"KQvKR."

28 na 18 na 9 na 51 ni 106. Faili zilinakiliwa kwa mpangilio wa alfabeti, na stima ilipotea kabla ya kufika herufi R. Faili zote 39 zinazoanza na ngome hazikuwepo. Majaribio yangu ya Desemba yalikuwa ya malkia na ya askofu na farasi, yote mawili upande wa alfabeti ulionusurika.

Lakini sikuwa nafikiria ngome tena. Nilikuwa nafikiria faili la mwisho.

"Bonyeza hilo la mwisho. Ukubwa wake unasema ngapi?"

"Sifuri."

Stima ilikatika jina likiwa limeshaandikwa na yaliyomo bado hayajafika. Faili lipo kwenye folda, linaonekana, lina jina zuri. Ndani halina hata baiti moja.

Mstari mmoja

Sasa kosa langu mimi. Sehemu ya programu inayosoma jedwali hurudisha vitu viwili: jibu lenyewe, na alama ya kando inayosema kama kusoma kumefaulu. Kusoma kukishindwa, jibu huwekwa 0 na alama huwekwa "nimeshindwa". Ni juu ya anayeuliza kuangalia alama kabla ya kuamini jibu.

Mimi sikuangalia. Niliandika sehemu hiyo nikiwa chuoni, usiku, nikajiambia nitarudi. Kwa lugha ya kawaida programu yangu ilikuwa inafanya hivi:

Liulize jedwali. Likitoa 2, andika "Ushindi". Likitoa 0, andika "Sare".

Faili halipo? Sifuri. Faili tupu? Sifuri. Ruhusa ya kubadilishana iko wazi? Sifuri. Na sifuri zote hizo zikatoka kwenye skrini na sauti ile ile ya jedwali linalojua kila kitu: "Sare".

Programu isingeanguka ningejua kuna shida. Ingeandika maneno ya ajabu ningejua. Badala yake ilitoa jibu fupi, la heshima, linaloaminika. Na kwa mchezo wa malkia na ngome lilikuwa linaaminika zaidi, kwa sababu miaka zaidi ya ishirini watu wote walikuwa wanasema ilikuwa sare.

Nilikuwa nimeuhifadhi mpangilio wa mjomba kwenye simu. Nikauweka kwenye kompyuta yangu ya Nairobi yenye majedwali kamili. Nilijua jibu kabla sijabonyeza.

"Ushindi."

Na si ushindi wa kubahatisha. Katika malkia dhidi ya ngome, hata mpangilio mgumu kuliko yote ambao malkia anashinda unahitaji hatua 31 tu kufika kwenye chekimeti au kuila ngome. Hatua hamsini zinatosha na kubaki. Mzee alikuwa anasema kweli muda wote, na mimi nilimtuma kwa ng'ombe wake akiamini amejidanganya.

Kurekebisha

Kurekebisha programu kulichukua jioni moja. Nilifanya mambo manne, na nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu:

1. Jibu la jedwali sasa si namba tupu. Ni moja kati ya mambo sita: yale matano na "Sijui". "Sijui" haiwezi kugeuzwa kuwa namba hata kwa bahati mbaya. Programu ikipata "Sijui" inarudi kufikiria kwa njia ya kawaida, na inaandika kwenye skrini kwamba hii ni kadirio lake, si jedwali.

2. Ikiwaka inahesabu faili na kusema idadi: 145 na 145. Zikipungua inataja zinazokosekana. Stockfish hufanya kitu kama hiki siku zote. Huandika imepata majedwali mangapi. Nilikuwa nauona mstari huo kila siku na kuudharau.

3. Inapima ukubwa. Faili zima la Syzygy, ukigawanya idadi ya baiti zake kwa 64, hubakiza 16. Hiki pia nilikitoa kwenye msimbo wa Stockfish, ambayo ikikuta faili lisilotimiza hivyo hukataa kuendelea kabisa. Zamani niliona huo ni ukali usio na maana. Faili tupu hubakiza 0. Lingekamatwa siku ile ile.

4. Kila jedwali lina jaribio lake, kete zote, si zile ninazozipenda. Na faili zikinakiliwa, alama ya uhakiki ya kila faili inalinganishwa na ya awali.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu haikuwa kwenye kompyuta.

Pasaka

Ningeweza kumpigia simu. Niliona si adabu. Neno nililisema mbele yake, basi nilirudishe mbele yake. Pasaka nikapanda gari la Kisii, kisha la kwetu, nikafika mvua ya mchana ikiwa imeshaanza.

"Bwakire buya, mjomba," nikasema, ingawa asubuhi ilikuwa imepita. Alicheka kuhusu hilo, na mimi nikapata nguvu ya kuanza.

Nilimweleza yote. Stima, flashi, faili tupu, alama ambayo sikuiangalia. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayeeleza kwa nini kazi haikufanywa. Nilipofika kwenye sifuri akanisimamisha.

"Ngoja. Mashine ilikosa jibu ikaandika sifuri?"

"Ndiyo."

"Na sare pia ni sifuri?"

"Ndiyo mjomba."

Akatikisa kichwa. "Mimi nimejaza karatasi za alama miaka thelathini. Mtoto akifanya mtihani akakosa yote, naandika sifuri. Mtoto asipokuja kwenye mtihani, naweka mstari. Siandiki sifuri. Hata mwalimu wa kwanza kazini anajua hivyo. Ukimwandikia sifuri mtoto ambaye hakuja, wastani wa darasa zima unakuwa uongo, na mzazi atampiga mtoto kwa mtihani ambao hakuufanya. Chuoni hawakuwafundisha?"

Walitufundisha. Kuna mihadhara mizima kuhusu jambo hilo, yenye majina makubwa. Mimi nilipita na alama nzuri. Lakini sikuwa nimeisikia ikisemwa na mtu ambaye mstari huo ulimgusa yeye mwenyewe.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa: "Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda?"

Hapa nilikuwa mwangalifu. "Mpangilio ulikuwa wa ushindi. Jedwali linasema hivyo, na safari hii nimehakikisha faili ni zima."

"Hujajibu," akasema.

Alikuwa sahihi. Nikamsimulia kuhusu Walter Browne. Alikuwa bingwa wa Marekani mara sita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipewa malkia, na programu yenye jedwali la Ken Thompson ikachukua ngome. Mara ya kwanza alishindwa kumaliza ndani ya hatua hamsini, kwa sababu mashine ilijitetea kwa njia ambazo hakuna mwandishi wa vitabu aliyezifikiria: iliiachanisha ngome na mfalme wake makusudi. Alienda kujifunza, akarudi, na mara ya pili aliila ngome kwenye hatua ya hamsini kamili.

Mjomba alikaa kimya. Kisha akasema, "Washa."

Alichukua malkia. Programu ikachukua ngome, na majedwali yote 145 na 145 nyuma yake. Mjukuu akahesabu hatua kwa sauti. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Sare.

Nilidhani atakasirika. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa nimejua," akasema. "Ushindi ulikuwepo. Aliyekosekana ni mimi."

Nikamwonyesha mpangilio mmoja ambao Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, aliuchambua. Mfalme mweupe c6, malkia a5. Mfalme mweusi b8, ngome b7. Kama ni zamu ya mweusi, amekwisha: ngome lazima iondoke karibu na mfalme, na malkia ataiwinda kwa cheki mpaka aipate. Lakini kama ni zamu ya mweupe, inabidi amrudishie mwenzake zamu. Malkia anaenda e5 kwa cheki, kisha a1 kwa cheki, kisha anarudi a5. Kete ziko pale pale, zamu tu ndiyo imebadilika. Mjomba aliufanyia kazi kwenye daftari usiku kucha, kwa taa ya sola, maana stima ilikuwa imepotea tena.

Mimi nikarudi Nairobi. Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa yule binti: "Anko, babu ameila ngome. Hatua ya 47. Anasema uandike."

Nimeandika, mjomba.

Nawe msomaji, ukimaliza hapa fungua msimbo wako utafute mahali unaporudisha sifuri. Jiulize kama ni mtoto aliyekosa maswali yote, au ni mtoto ambaye hakuja. Tuonane wakati mwingine, nikipata stima.